Babu Arejea Hewani

Kwa zaidi ya miaka thelathini sanduku lile lilikaa juu ya kabati la chumbani, limefunikwa shuka, na wajukuu wakiamini kuwa ndani yake mna nguo za kale. Tulipobisha hodi katika nyumba hiyo ya Mji wa Kale, Mombasa, Jumamosi moja baada ya swala ya Alasiri, tulivikuta vilivyokuwamo vimepangwa juu ya meza: mtambo wa redio, kibonyezo cha shaba cha kupigia msimbo wa Morse, na furushi la kadi za rangi zilizotoka Japani, Brazili, Ufini na Jordan.

Mwenye nyumba, fundi wa simu mstaafu aliyetuomba tusilitaje jina lake, alitukaribisha kwa kahawa na haluwa. Alipata leseni ya redio ya ridhaa akiwa kijana, katika miaka ya sabini. Watu wa fani hii hawatangazi habari wala hawapigi muziki. Sheria zinawakataza kufanya biashara hewani na kusema kwa mafumbo ya siri. Kila mmoja hupewa herufi na tarakimu za kumtambulisha, ambazo mwanzo wake huonyesha nchi: 5Z ni Kenya, 5H ni Tanzania, A4 ni Oman. Wakishazungumza, hupelekeana kadi ziwe ushahidi kwamba walikutana.

Ni fani isiyojali cheo. Mfalme Hussein wa Jordan, aliyefariki mwaka 1999, alikuwa mmoja wao, na hewani alijulikana kwa herufi JY1. Aliyebahatika kumpata alizungumza naye kama mwenzake. Nchini Oman, chama cha kifalme cha redio za ridhaa kilianzishwa mwaka 1972.

Tulimuuliza mzee kwa nini aliyaacha yote hayo. Kabla hajafungua kinywa, mkewe alijibu kutoka mlangoni: "Waambie kweli, baba. Zamani huyu alimsikia mtu wa Japani, akashindwa kunisikia mimi niliye jikoni."

Mzee alicheka, kisha akanyamaza. Alitueleza kwamba usiku mawimbi ya megahezi 7 husafiri mbali, na kwa hiyo usiku ndio alioutoa. Watoto walilala na kuamka bila kumwona ila mgongo. Alipozaliwa mtoto wa tatu, mkewe hakugomba. Alimwuliza tu kama jina la mtoto huyo nalo litaandikwa katika daftari la stesheni. Siku ya pili mtambo uliingia sandukuni.

Kustaafu kulimjia na mtihani wa namna nyingine. Simu zilizokuwa zikimwita usiku na mchana zilikoma. Masikio nayo yalianza kudhoofika, na barazani, wenzake walipozungumza wengi kwa pamoja, maneno yalimchanganyikia. Akaacha kwenda. Alikuwa akitoka msikitini, anarudi kukaa peke yake. Bibi ndiye aliyeona hatari hiyo, na bibi huyo huyo ndiye aliyepanda kiti akaliteremsha sanduku.

"Nilimwambia, rudi kwenye redio yako, lakini safari hii si peke yako," alitusimulia.

Masharti yakawekwa. Adhana ikisikika, mtambo unazimwa. Usiku ni wa nyumba. Na mjukuu wao wa kike, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, atakaa kando ya babu yake. Mzee alihuisha leseni yake kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, akabadilisha kapasita zilizokauka, kisha akatandaza juu ya dari waya wenye urefu wa mita 10 hivi, ambao ni nusu ya wimbi la megahezi 14. Nguvu ya mtambo ni wati 100, sawa na taa moja ya zamani ya nyumbani. Kinachoifikisha sauti mbali ni tabaka la juu la anga, ambalo miale ya jua hulipa uwezo wa kuyarudisha mawimbi ardhini, maelfu ya kilomita kutoka yalikoanzia.

Tangu mwaka 2003 kanuni za kimataifa hazilazimishi tena mtihani wa Morse, lakini mzee ameung'ang'ania. Sauti za watu humchanganya, ilhali mlio mmoja wa Morse, mfupi au mrefu, bado anaupambanua. Tatizo ni milio hafifu. Hiyo imempotea.

Tukiwa hapo alibonyeza C na Q, yaani anamwita yeyote anayemsikia, akafuatisha herufi zake. Akasubiri. Spika ilitoa mvumo kama wa mvua. Akarudia mara tatu, kisha akaunyosha mkono kutaka kuzima.

"Babu, ngoja," alisema binti. "Kuna mtu anakuita."

Sisi hatukusikia kitu, na mzee pia hakusikia. Binti aliinamisha kichwa, akaandika A, halafu 4. Oman, zaidi ya kilomita 3,000 kaskazini. Babu alijibu polepole, na binti akaendelea kuandika herufi moja moja asijue zinaelekea wapi: H, A, B, A, R, I. Aliponyanyua macho kutoka kwenye karatasi, babu yake alikuwa akiyafuta ya kwake kwa upindo wa kanzu. Mtu wa ng'ambo ile ya bahari aliona 5Z, akachagua Kiswahili.

Kurusha ni haki ya mwenye leseni peke yake, kwa hiyo binti husikiliza na kuandika, huku akijiandaa kuomba leseni yake utakapofika wakati. Mzee hafichi kwamba iko siku hata mlio ulio wazi hatausikia. "Nimechelewa kuwasikiliza watoto wangu," alituambia. "Huyu sitaki nimchelewe."

Wazee wengi majumbani mwetu wana sanduku la namna hii juu ya kabati. Tuwaulize lina nini ndani, maadamu wapo wa kutujibu.

Tulipoaga, adhana ya Magharibi ilikuwa inaanza. Binti ndiye aliyeuzima mtambo.