Kabla ya kununua kiwanja Kiseke, soma udongo wake

Anayetafuta kiwanja Kiseke, katika Manispaa ya Ilemela mkoani Mwanza, huuliza bei, barabara, maji na umeme. Wachache huuliza udongo. Lakini udongo ndio utakaoamua ni fedha kiasi gani zitazikwa kwenye msingi, karo la choo litajaa baada ya muda gani, na kama bustani ya nyuma ya nyumba italisha familia.

Wasukuma wameujua udongo huu kwa majina tangu zamani. Juu, karibu na miamba, kuna luseni, udongo wa kichanga. Chini kidogo kwenye mteremko hupatikana itogolo, ambao una tabaka gumu lisilopitisha maji kwa urahisi. Bondeni ni mbuga, yaani mfinyanzi mweusi. Katika miaka ya 1930, Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, aliueleza mpangilio wa namna hii kuwa ni mnyororo: maji hushuka na chembe laini, na kila hatua ya mteremko huwa na udongo wake.

Msingi

Mbuga huvimba ikilowa na kupasuka ikikauka. Nyumba iliyojengwa juu yake kwa msingi mfupi hupanda na kushuka kila msimu, na ufa huanzia kwenye kona za madirisha. Hapo fundi hana budi kuuondoa udongo huo hadi afike chini palipo imara, ajaze moramu na kuishindilia, kisha afunge mkanda wa zege wenye nondo. Kule juu msingi huweza kukaa juu ya mwamba, na mawe yako jirani. Gharama huhamia kwenye kuchimba shimo la choo.

Karo

Hapa ndipo wengi hupata hasara. Chukua familia ya watu 6, kila mmoja akitoa lita 50 za majitaka kwa siku. Hizo ni lita 300 kwa siku, au lita 9,000 kwa mwezi. Udongo unaonyonya utayamaliza wenyewe. Ukigoma kunyonya kwa miezi 3 ya masika, utabaki na lita 27,000. Gari la kunyonya lenye tangi la lita 5,000 litafanya safari 6. Zidisha kwa bei ya safari moja, kisha ujumlishe kwenye bei ya kile kiwanja cha bondeni ulichoambiwa ni rahisi.

Kichanga kilicholala juu ya mwamba nacho kina hatari yake. Maji hupenya haraka, hugonga mwamba, kisha hutembea chini kwa chini na kutokeza kwa jirani wa chini au kwenye kisima chake. Kwa sababu hiyo shimo liwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kwenye kisima, na kitako chake kisikaribie maji ya ardhini kwa chini ya mita 1.5. Katika milima ya Mabatini, Igogo na Kilimahewa, ambako kuchimba ni shida, MWAUWASA imelaza mabomba membamba ya majitaka yanayohudumia kaya nyingi kwa pamoja.

Kipimo chake ni rahisi. Chimba kijishimo cha kina cha mita 1 mahali litakapokuwa shimo la kunyonyea maji. Kijaze maji na ukiache usiku kucha. Asubuhi weka maji ya kina cha sentimita 15, simamisha fito yenye alama, na uangalie saa. Yakishuka sentimita 2.5 ndani ya nusu saa, udongo unafaa. Yakizidi saa moja, usiutegemee. Yakishuka kwa dakika moja tu, ujue majitaka yatafika chini kabla ya kuchujwa. Fanya kipimo hiki wakati wa masika, si kiangazi.

Bustani

Kichanga hakishiki maji wala rutuba. Kiwekee samadi iliyooza vizuri, tandaza nyasi kavu, na mwagilia kidogo kidogo mara nyingi. Mihogo, karanga na viazi vitamu hukivumilia. Mbuga ina rutuba zaidi lakini hutuamisha maji, kwa hiyo mchicha na nyanya vipandwe kwenye matuta yaliyoinuliwa. Mwenye eneo kubwa achimbe majaruba ya mpunga. Usipande mboga juu ya shimo la majitaka wala kuzimwagilia kwa maji yake, hasa zile zinazoliwa mbichi.

Anayetaka kujua rutuba kwa uhakika apeleke sampuli kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, wilayani Misungwi.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, omba ruhusa ya kuchimba kijishimo kimoja. Muuzaji akikataa, nalo ni jibu. Akikubali na maji yakagoma kushuka, una hoja ya kupunguziwa bei au sababu ya kutafuta kiwanja kingine.