Je, Wajua? Neno “wema” liliwahi kuzuia programu

Mmarekani Douglas Crockford, aliyeeneza JSON (muundo wa kubadilishana data kati ya programu), aliongeza sentensi moja kwenye leseni ya programu zake: zitumike kwa wema, si kwa uovu. Nani apinge wema? Lakini uovu kwa kipimo cha nani? Leseni ya programu huria haichagui matumizi, na hapo ndipo mabishano yalipowaka kwa miaka. Debian, watengenezaji wa mfumo huria wa kompyuta, waliikataa leseni hiyo; mwaka 2016 taasisi ya programu huria ya Apache nayo ikaipiga marufuku kwenye miradi yake. Crockford amesimulia kuwa kampuni ya IBM walimwomba ruhusa maalumu, akawaandikia kwamba wao na wateja wao wanaruhusiwa kuitumia programu yake ya JSLint kwa uovu! Naona waliokataa walikuwa na haki, maana neno lisilopimika halimlindi yeyote mahakamani. Mwaka 2022, JSON-java, programu yake nyingine, ikawa mali ya umma, bila sharti hilo.