Uwekaji na Urejeshaji wa Nakala za Akiba katika Simu Zilizofunguliwa Ruti

Wananchi wenye simu za mkono zinazotumia mfumo wa Android, na hasa wale ambao simu zao zimefunguliwa au zinakusudiwa kufunguliwa kile kiitwacho "ruti", wanaarifiwa kwamba kazi hiyo ikifanywa bila ya maandalizi huweza kufuta kila kilichomo ndani ya simu. Picha za wazee waliotangulia mbele ya haki, daftari la madeni ya duka, vyeti vya skuli vilivyopigwa picha na namba za jamaa walio mbali, vyote huondoka kwa pamoja. Maelezo haya yanatolewa ili kila mwenye simu afahamu kitu gani cha kunakili, wakati gani, mahali gani pa kukiweka na namna ya kukirejesha.

1. MAANA YA RUTI NA SABABU YA KUIFUNGUA

Mfumo wa Android, ambao simu yake ya kwanza iliuzwa mwaka 2008, umejengwa juu ya kiini cha Linux. Katika mifumo ya jamii hiyo yuko mtumiaji mmoja mwenye mamlaka yote. Jina lake kwa Kiingereza lina maana ya mzizi, na ndilo lililozaa neno "ruti". Mwenye simu ya kawaida hakupewa mamlaka hayo. Kila programu inayowekwa katika simu hupewa namba yake na chumba chake katika folda ya /data/data, wala haiwezi kuchungulia chumba cha mwenzake. Mpango huo umewekwa kwa ajili ya usalama, ili mchezo wa watoto usiweze kusoma taarifa za programu ya benki. Hata hivyo, mpango huo huo humzuia mwenye simu mwenyewe kunakili yaliyomo katika vyumba hivyo.

Kufungua ruti ni kumkabidhi mwenye simu ufunguo wa vyumba vyote. Kazi hiyo siku hizi hufanywa zaidi kwa programu ya Magisk, iliyotolewa mwaka 2016 na mtunzi wake John Wu, au kwa KernelSU.

Faida yake katika uwekaji wa akiba ni kubwa. Nakala inayochukuliwa na Google, ambayo ilianza na toleo la Android 6.0 la mwaka 2015, ina kikomo cha megabaiti 25 kwa kila programu, na mtengenezaji wa programu anaweza kukataa bidhaa yake isinakiliwe kabisa. Ile njia ya zamani ya kunakili data za programu kwa kompyuta nayo imefungwa, tangu toleo la Android 12 la mwaka 2021, kwa programu za kawaida zilizotengenezwa kwa ajili ya toleo hilo na yaliyofuata. Mwenye ruti havizuiwi na mipaka hiyo.

2. NAKALA YA KWANZA HUCHUKULIWA KABLA YA RUTI

Hapa ndipo watu wengi hupotelewa na mali zao. Kabla ya ruti kufunguliwa, kwa kawaida hulazimika kwanza kufunguliwa kufuli la butiloda, yaani programu ndogo inayoiamsha simu pale inapowashwa. Simu nyingi zimetengenezwa ili kufuli hilo linapofunguliwa, hifadhi yote ya ndani ifutwe. Makusudio ni kwamba mwizi asiweze kuingiza mfumo wake na kusoma siri za mwenye simu. Mashine, hata hivyo, haimtambui mwizi na mwenyewe. Wote huwafanyia hivyo hivyo.

Hivyo basi, nakala ya kwanza huchukuliwa wakati ambapo ruti bado haipo, na kwa njia za kawaida tu. Inashauriwa kufuata utaratibu huu:

(a) Picha, video, sauti na hati zote zihamishiwe kwenye kompyuta kwa waya. Baada ya hapo mafaili kadhaa yafunguliwe katika kompyuta ili kuhakikisha kuwa ni mazima.

(b) Orodha ya majina na namba za simu itolewe kama faili la aina ya VCF, ambalo husomeka katika simu takriban zote.

(c) Ujumbe mfupi wa maandishi unakiliwe kwa programu maalumu ya kazi hiyo.

(d) Mazungumzo ya WhatsApp yanakiliwe kwa njia ya programu yenyewe. Aliyewasha ulinzi wa nakala ulioletwa mwaka 2021 awe na neno lake la siri, au ule ufunguo wa tarakimu na herufi 64, kwani pasipo hayo nakala haifunguki. Aidha, urejeshaji wake huhitaji namba ile ile ya simu, kwa hiyo laini iwe mkononi mwa mwenyewe.

(e) Programu zinazotoa namba za uthibitisho wa hatua ya pili zihamishwe, au namba za dharura ziandikwe kwenye karatasi.

(f) Kadi ya kumbukumbu ichomolewe. Ikiwa kadi hiyo iliunganishwa na simu kama sehemu ya hifadhi ya ndani, yaliyomo yanakiliwe kwanza, kwa kuwa ufunguo wa kuisoma umo ndani ya simu na utafutika pamoja na vingine.

Wenye simu za Samsung wanatanabahishwa zaidi. Simu zao zenye ulinzi wa Knox zina fyuzi ya kielektroniki ambayo hukatika pale mfumo usio wa kiwanda unapowekwa, nayo haiungiki tena. Baada ya hapo folda ya siri ya simu hizo haitumiki, hata kama mfumo wa kiwanda utarudishwa. Yaliyomo katika folda hiyo yatolewe mapema.

3. NAKALA KAMILI BAADA YA RUTI

Ruti ikishafunguliwa, zipo aina mbili za nakala. Aina ya kwanza ni ya programu moja moja. Programu kama Neo Backup na Swift Backup huchukua programu pamoja na yaliyomo katika chumba chake. Aina hii ndiyo inayofaa kwa matumizi ya mara kwa mara, kwa kuwa mtu huchagua anachokitaka.

Aina ya pili ni nakala ya sehemu nzima za kumbukumbu ya simu, inayochukuliwa nje ya mfumo wa kawaida kwa chombo kiitwacho TWRP. Wanaoitumia wazingatie mambo mawili. Kwanza, nakala ya sehemu ya data inayochukuliwa na TWRP haichukui hifadhi ya ndani zinamokaa picha na video. Wapo wanaodhani kuwa wamenakili kila kitu, kumbe picha hazimo. Pili, simu za miaka ya karibuni hufumba mafaili yake, na TWRP haikutengenezwa kwa kila simu wala haiwezi kufumbua mafumbo ya kila simu. Iangaliwe mapema kama inaweza kuisoma simu inayohusika.

Kadhalika, katika simu nyingi ipo sehemu ndogo iitwayo EFS, inayohifadhi taarifa za kuitambulisha simu kwenye mtandao, pamoja na namba ya IMEI. Sehemu hiyo ikiharibika, simu inaweza kuwaka vizuri lakini isipate mtandao. Inapowezekana, nakala yake ichukuliwe mara tu baada ya ruti kufunguliwa. Nakala hiyo hurejeshwa katika simu ile ile ilikotoka, wala isipelekwe kwenye simu nyingine.

4. MAHALI PA KUWEKA NAKALA

Nakala iliyobaki ndani ya simu haistahili kuitwa akiba, kwa sababu simu ikifutwa, ikiibiwa au ikizama baharini, na nakala huenda nayo. Wataalamu wengi hufuata kanuni ya tatu, mbili na moja, iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: ziwepo nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo iwekwe mahali pengine. Kwa mwananchi wa kawaida hiyo ina maana kwamba simu ni moja, kompyuta au flashi diski ni ya pili, na ya tatu ikae kwa ndugu anayeaminika au katika hifadhi ya intaneti.

Nakala iliyochukuliwa kwa ruti hubeba siri za programu zote. Kwa hiyo ifungwe kwa neno la siri. Mwenye kumpa fundi simu yake aelewe kwamba fundi huyo, akiwa na ruti, anaweza kusoma kila kilichomo. Inafaa kazi ifanyike mbele ya mwenyewe, na nakala iliyobaki katika kompyuta ya fundi ifutwe kabla ya kuondoka.

5. UREJESHAJI

Simu iwe na chaji ya kutosha kabla ya kuanza. Mfumo uwekwe kwanza, kisha ruti, kisha ile programu iliyochukua nakala. Baada ya hapo zirejeshwe programu chache kwa wakati mmoja, na kila moja ifunguliwe kuona kama inafanya kazi. Programu za mfumo wenyewe zisirejeshwe kutoka toleo moja la Android kwenda jingine, kwani huweza kuifanya simu ishindwe kuwaka.

Haifai kunakili vyumba vya programu kwa mkono. Programu ikiwekwa upya hupewa namba mpya, na mafaili ya zamani yangali yakimtambua mmiliki wa namba ya zamani. Programu ya kurejesha hubadilisha umiliki huo kama inavyotakiwa. Anayenakili kwa mkono hupata programu inayojifunga kila inapofunguliwa.

Lipo pia jambo ambalo ruti haiwezi kulifanya. Baadhi ya programu hufunga data zao kwa ufunguo uliohifadhiwa ndani ya chipu ya simu, na ufunguo huo hautoki. Nakala ya programu ya aina hiyo, kama vile Signal, ikipelekwa katika simu nyingine, au ikirudishwa baada ya simu kufutwa, huwa ni sanduku lisilo na ufunguo. Programu hizo zinakiliwe kwa njia zao zenyewe. Zile za benki na za kutuma fedha zisajiliwe upya, na ifahamike kwamba nyingi kati yake hukataa kufanya kazi katika simu yenye ruti.

6. JARIBIO KABLA YA HAJA

Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa haijulikani kama ni nzima. Kabla ya kufuta chochote, ichaguliwe programu moja isiyo na umuhimu mkubwa, iondolewe, kisha irejeshwe kutoka katika nakala. Ikirudi na yaliyomo, kazi iendelee. Isiporudi, kasoro itafutwe wakati mali bado ipo ndani ya simu.

Mwisho, wananchi wanakumbushwa kwamba si kila simu inahitaji ruti. Mtu ambaye hazina yake ni picha, namba na mazungumzo anaweza kuyahifadhi yote kwa hatua zilizoelezwa katika kifungu cha 2, bila ya kugusa kufuli lolote. Aliyeamua kufungua na afungue, baada ya kwisha kunakili na kujaribu. Tahadhari kabla ya hatari.