Shahada ya ubongo: kutibu au kuchunguza?

Msomaji, huenda mwanao amepita mtihani na sasa anataka kwenda Uingereza au Marekani kusomea sayansi ya ubongo na neva. Kabla hujauza shamba, fahamu jambo moja: shahada hiyo ya kwanza haimfanyi mtu kuwa daktari.

Uingereza huchukua miaka 3, Marekani miaka 4. Mhitimu ataelewa jinsi neva zinavyopelekeana habari na kinachosababisha kifafa au kiharusi, lakini hana ruhusa ya kumwandikia mgonjwa dawa, sembuse kumpasua kichwa. Anayetaka kazi hiyo husomea udaktari, ambao katika Chuo Kikuu cha Nairobi huchukua miaka 6, kisha hufanya mwaka wa mazoezi hospitalini, halafu masomo ya ubingwa.

Je, ni hasara? La. Faida huwaendea wanaoendelea na masomo. Vyuo vingi vya Marekani huwalipia karo wanafunzi wa uzamifu katika fani hii na kuwapa posho. Hapa nchini, kituo cha KEMRI na Wellcome Trust mjini Kilifi, kilichoanzishwa 1989, kimechunguza kifafa na malaria inayopanda kichwani. Nafasi kama hizo zipo, ingawa ni chache.

Basi muulize mwanao: unataka kutibu au kuchunguza? Akisema kutibu, na aanze na udaktari. Akisema kuchunguza, jiandae kwa safari ya shahada mbili au tatu, wala si moja.