Mtoto ana homa ya 102: Bibi alia Morogoro, mjomba asema mtoto mzima

Saa nane za usiku mjini Minneapolis, Marekani, mama mmoja Mtanzania alimpigia simu mama yake mzazi aliyeko Morogoro, ambako ilikuwa saa tano asubuhi. Mtoto wake wa miezi kumi alikuwa anachemka mwili mzima.

"Mama, nimempima, kipimo kinasema mia moja na mbili."

Upande wa pili zikasikika kelele. "Mia na mbili? Mwanangu, maji yanachemka kwa mia! Mkimbize hospitali!"

Kaka yake, aliyekuwa amelala sebuleni, akaamka na kutaka kutuliza mambo. "Dada, usiwatie watu wasiwasi. Mia na mbili toa thelathini, inabaki sabini na mbili. Gawa kwa mbili, thelathini na sita. Mtoto mzima huyo, mrudishe kitandani."

Wote wawili walikosea, na kosa la mjomba lilikuwa la hatari zaidi kwa sababu lilikuja na hesabu. Nyuzi 102 za Farenhaiti ni 38.9 za Selsiasi, ile ambayo wengi wetu shuleni tuliiita sentigredi. Hiyo ni homa kweli, ya kumwangalia mtoto kwa makini na kumpigia daktari.

Hesabu ya mjomba si uongo mtupu. Karibu kila Mswahili aliyehamia Marekani hufundishwa na wenyeji wake wiki ya kwanza: toa 30, gawa kwa mbili. Kwa kuangalia hali ya hewa inatosha. Redio ikisema leo ni 70, unapata 20 na jibu kamili ni 21.1, na hakuna atakayekufa kwa kuacha sweta kwa sababu ya digrii moja. Ikifika 50 inapatia kabisa, yaani 10. Lakini kadiri unavyokwenda mbali na hapo, kosa linakua. Kwenye joto la mwili inakosea kwa karibu nyuzi tatu za Selsiasi, na nyuzi tatu ndizo tofauti ya mtu mzima na mtu wa kulazwa.

Njia sahihi ni hii. Kutoka Farenhaiti kwenda Selsiasi, toa 32, zidisha kwa 5, kisha gawa kwa 9. Kurudi, zidisha kwa 9, gawa kwa 5, ongeza 32. Hizo namba hazikuokotwa. Kwa Selsiasi maji huganda kwenye 0 na kuchemka kwenye 100; kwa Farenhaiti huganda kwenye 32 na kuchemka kwenye 212. Safari ni ile ile, huku hatua 100, kule hatua 180, na 180 kwa 100 ni sawa na 9 kwa 5.

Kama hupendi kuzidisha kwa 9 kichwani, kuna njia nyingine isiyokosea hata kidogo: zidisha Selsiasi mara mbili, toa sehemu moja ya kumi ya ulichopata, ongeza 32. Chukua 37. Mara mbili ni 74, toa 7.4 inabaki 66.6, ongeza 32, unapata 98.6.

Kwa wenye watoto, shikeni tatu tu: 100.4 ni 38, 102.2 ni 39, na 104 ni 40. Mtoto mchanga wa chini ya miezi mitatu akifika 38, yaani 100.4, anapelekwa kwa daktari mara moja bila kusubiri asubuhi.

Tujiulize basi, nani alituletea balaa hili? Daniel Gabriel Fahrenheit alizaliwa Danzig mwaka 1686 na akafanya kazi yake Uholanzi, akitengeneza vipimajoto vya zebaki vilivyosifika kwa usahihi. Mwaka 1724 alitangaza kipimo chake: sifuri ilikuwa baridi ya mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi ya amonia, 32 barafu na maji, na 96 joto la mwili wa mtu mwenye afya. Baadaye kipimo kilirekebishwa kidogo, ndiyo maana mwili ukasogea hadi 98.6. Msweden Anders Celsius alileta chake mwaka 1742, na cha kuchekesha ni kwamba alikipanga kichwa chini: maji yalichemka kwenye 0 na kuganda kwenye 100. Kiligeuzwa baada ya yeye kufariki mwaka 1744.

Marekani ilijaribu kuhama. Sheria ya mwaka 1975 ilihimiza vipimo vya metriki lakini haikumlazimisha mtu, na bodi iliyoundwa kuisimamia ikavunjwa mwaka 1982. Kwa hiyo tunaoishi huku tunaendelea kutafsiri.

Jikoni nako kuna vituko. Shangazi akikutumia maelezo ya keki kutoka Dar na kuandika 180, ukaweka 180 kwenye oveni ya Marekani, umeweka nyuzi 82. Utakaa saa nzima na bado ni uji. Ulitakiwa uweke 350. Walioko Uingereza wenye oveni za gesi wageuzie namba 4, ndiyo hiyo hiyo.

Friji ndiyo inayonitia hofu zaidi. Mzazi anakuja kutembea na insulini yake, anaona kioo cha friji kimeandikwa 37, anadhani imeharibika, ina joto kama la mwili wa mtu. Chini yake friza imeandikwa 0, anaona hapo ndipo penye ubaridi wa wastani. Kumbe 37 hiyo ni karibu 3 ya Selsiasi, mahali pazuri kabisa kwa insulini ambayo haijafunguliwa, inayotakiwa kukaa kati ya 2 na 8. Ile 0 ni chini ya sifuri kwa karibu 18, na insulini ikiganda haifai tena.

Kwenye baridi kali mambo hubadilika. Tarehe 30 Januari 2019 Chicago ilishuka hadi -23 za Farenhaiti, ambazo ni -30.6 za Selsiasi. Ukizidi kushuka, vipimo viwili hukutana kwenye -40, na hapo huna haja ya kuuliza ni ipi. Wenzetu wa Oman wana kisa cha upande wa pili: Juni 2018, mjini Quriyat, joto halikushuka chini ya 42.6 kwa saa 24 nzima, usiku ukiwemo. Kwa Farenhaiti ni 108.7.

Mtego mmoja huwanasa hata waandishi wa habari. Tofauti ya joto haiongezwi 32. Mkataba wa Paris wa mwaka 2015 ulitaja ongezeko la 1.5 la Selsiasi; kwa Farenhaiti ni 2.7. Ukiongeza 32 utatangaza ongezeko la 34.7, na dunia itakuwa imekwisha kabla ya taarifa ya saa mbili.

Wanasayansi wana cha kwao, Kelvini, kilichotokana na kazi ya William Thomson ya mwaka 1848. Hatua zake ni sawa na za Selsiasi, ila sifuri yake ipo kwenye -273.15, mahali ambapo hapashuki tena. Ongeza 273.15 kwenye Selsiasi, umefika. Faida yake ni kwamba huwezi kudanganyika kuwa nyuzi 20 ni joto mara mbili ya 10. Kwa Kelvini ni 293 na 283. Na usidhani ni ya maabara tu. Taa ya dukani iliyoandikwa 2700K hutoa mwanga wa manjano kama wa kibatari, na ya 6500K mweupe wa hospitali.

Wanaonunua vipimajoto huku na kuvituma nyumbani, someni kikaratasi chake kabla ya kufunga kifurushi. Vingi vya kidijitali vina namna ya kubadilisha kutoka F kwenda C, mara nyingi kwa kushikilia kitufe. Badilisha mwenyewe, kisha mwambie bibi kwamba 37 ni nzuri na 38 apige simu.