Fahamu chanzo na dhima ya herufi za mlazo

WASOMAJI wengi hukutana na herufi za mlazo, yaani italiki, kila uchao bila kujiuliza zilitoka wapi wala zina dhima gani.

Herufi hizi zilianzia Venice, Italia. Mchapishaji Aldus Manutius alimpa fundi wake, Francesco Griffo, kazi ya kuchonga chapa iliyoiga mwandiko wa haraka wa wasomi wa zama hizo. Mnamo 1501, alichapisha mashairi ya Virgil kwa chapa hiyo tangu mwanzo hadi mwisho, katika kitabu kidogo cha kubebeka mkononi. Wakati huo mlazo haukutumiwa kutenga neno moja na jingine. Ulikuwa hati kamili. Isitoshe, herufi ndogo pekee ndizo zilizolala, kubwa zikasimama wima.

Katika karne hiyo ya 16, Robert Granjon wa Ufaransa alichonga milazo ambayo ingali inaigwa. Fonti ya Adobe Garamond, iliyotolewa mwaka wa 1989, ilichukua herufi za wima kutoka kwa Claude Garamond, lakini mlazo wake ukatokana na kazi ya Granjon.

Ni kosa kudhani kwamba mlazo ni herufi ya wima iliyosukumwa upande. Itazame 'a' ya kitabuni: ikiwa wima huwa na upinde juu ya tumbo lake, lakini katika mlazo upinde huo hutoweka, ikafanana na ya mwandiko wa mkono. Aghalabu 'f' nayo hushuka chini ya mstari. Kompyuta inapoinamisha tu herufi za wima, tofauti hizi hukosekana.

Kimatumizi, mlazo huonyesha anwani za vitabu na magazeti, pamoja na majina ya kisayansi, mathalani *Plasmodium falciparum*, kimelea cha malaria. Anayeandika kwa kalamu hupigia mstari maneno hayo.

Aidha, mlazo hutambulisha maneno ya kigeni, na hapa ndipo penye utata. Katika vitabu vingi vya Kiingereza, maneno kama *ugali* na *shamba* yamelazwa, ilhali kwa msomaji wa Nairobi au Mombasa si mageni hata kidogo. Ndiposa baadhi ya waandishi wa Kiafrika hukataa kuyalaza. Kwa upande wetu, 'kitabu' limetoka Kiarabu na 'shule' Kijerumani, lakini hakuna anayeyalaza. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; maneno haya yamelima nasi kwa muda mrefu.

Kwa hivyo, mwandishi anapolaza neno, huwa anaamua nani mwenyeji na nani mgeni. Yafaa aamue kwa kumfikiria msomaji wake, wala asilaze ukurasa mzima. Kila neno likilala, hakuna litakaloonekana.