Kaseti ya harusi yenu uichome kwenye sahani gani?

KASETI ya harusi yenu iko wapi? Usinijibu haraka. Nenda kabatini kaangalie nyuma ya vyombo vya wageni, au chini ya kitanda kwenye lile begi la zamani. Wengi wetu tunazo: harusi ya mwaka 1994, kipaimara cha kaka mkubwa, arobaini ya mtoto. Na humo ndani yumo babu anawapa maharusi nasaha, babu ambaye sasa ni marehemu. Sauti yake haipo pengine popote, na deki ya kuichezea ilishakufa siku nyingi.

Jamani, mkanda haungoji mtu. Kwenye joto na unyevu kama wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa utepe huota ukungu, picha zikaanza kupiga chenga. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kujulikana kwa kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo Julai 2016. Zilizobaki ni hizo hizo za kuungaunga. Ukisikia kuna fundi mwenye deki nzima, mkimbilie.

Sasa ukifika kwake utaulizwa: "Nikuchomee VCD au DVD?" Hapo wengi wanaangalia bei tu. Asikudanganye mtu! VCD ni mambo ya mwaka 1993. Sahani moja inabeba dakika 74 hadi 80, kwa hiyo harusi ya saa tatu inataka sahani tatu, na kila moja inakatika katikati ya shamrashamra. Picha yake ni nukta 352 kwa 288, wakati ya DVD ni 720 kwa 576. Kwa mkanda wa VHS, ambao picha yake yenyewe si kali sana, unaweza kuvumilia. Lakini kama mlipigwa kwa MiniDV, vile vikaseti vidogo vilivyoingia mwaka 1995, kuvitia kwenye VCD ni sawa na kuchana kitenge kipya ukafanya tambara la kudekia.

DVD basi. Nayo ina kizungumkuti chake, maana dukani utakuta DVD-R na DVD+R, na kila moja ina ndugu yake wa RW. Yenye kistari ilitoka kwanza, ya kampuni ya Pioneer, mwaka 1997. Yenye alama ya kujumlisha ikaja mwaka 2002 kutoka kambi ya wapinzani. Ulikuwa ugomvi wa makampuni, sisi wateja tukabaki tunakodoa macho. Deki nyingi za baadaye zinasoma zote mbili, ila kama unampelekea shangazi kijijini mwenye deki ya zamani, chukua DVD-R. RW achana nayo kwa kazi hii. Inafutika, na mng'ao wake ni hafifu, ndiyo maana deki nyingine hugoma kuisoma. Unataka kijana wa kompyuta amfute babu aweke katuni?

Halafu usikubali kujaziwa. Sahani ya kawaida ni GB 4.7. Ukiweka saa moja au mbili, picha inakaa vizuri. Ukilazimisha saa nne, nyuso za watu zinakuwa vigae vigae, hata bibi harusi humtambui. Zipo za tabaka mbili, GB 8.5, lakini deki nyingine hukwama zinapovuka tabaka. Bora ugawe: ibada sahani moja, ukumbini nyingine.

Mwambie fundi achome taratibu, mwendo wa 4 au 8, na aifunge sahani akimaliza. Isipofungwa, mara nyingi itacheza kwenye mashine iliyoichoma tu, wewe ukifika nyumbani deki inakuandikia haisomi. Stika za maua zenye majina ya maharusi, hapana. Karatasi ile inaifanya sahani iyumbe ikizunguka. Andika kwa kalamu ya wino wa maji, upande wa juu. Na kama kamera ililetwa na shemeji kutoka Marekani, sema mapema, maana kule wanatumia NTSC na sisi huku ni PAL.

Lakini kuna jambo ambalo fundi hatakwambia usipomuuliza. Ili picha ienee kwenye DVD ni lazima iminywe. Saa moja ya MiniDV ikiingizwa kompyuta kama ilivyo ni kama GB 13, huwezi kuitia kwenye GB 4.7 bila kupunguza kitu. Mwombe akuwekee faili hilo ambalo halijaminywa kwenye hadi diski, kisha ndipo achome DVD ya kutazama sebuleni. Kompyuta nyingi mpya hazina hata mahali pa kuingizia sahani, na Sony waliacha kutengeneza Blu-ray za kuchoma Februari 2025. Ipo pia M-DISC, ambayo waliyoitengeneza walidai itadumu miaka 1,000. Sijui nani atakuwepo kuwadai!

Nakala ya pili mpe ndugu anayekaa mji mwingine. Kaseti yenyewe usimwachie fundi hata akikwambia haina kazi tena. Hesabu kabla hujalipa: ulileta tatu, ondoka na tatu.